Ukingo si mstari: fundi wa mabango anapojifunza kuchora uso kwa kunakili picha ya karne ya 15

Kisa hiki kilitokea Arusha, kwenye chumba ninachofundishia uchoraji. Mwenyewe ameridhia nikiandike. Jina lake, mtaa wake na familia iliyompa kazi nimeviacha, na mambo mawili matatu yasiyogusa ufundi nimeyabadilisha ili wahusika wasitambulike. Nitamwita fundi, kama anavyoitwa na kila mtu.

Usuli

Siku ya kwanza alikuja na kopo. Nilikuwa nimemwambia alete rangi ya mafuta, naye akaleta rangi ya mafuta: kopo la lita moja, nyeupe, ile inayopakwa kwenye mageti na fremu za madirisha.

"Mwalimu, si umesema ya mafuta?"

Hakukosea yeye. Ukiingia duka la vifaa vya ujenzi ukataja rangi ya mafuta, hiyo ndiyo utakayopewa. Na kwa fundi kama yeye ilikuwa rangi ya heshima: Edward Saidi Tingatinga na wafuasi wake walijenga mtindo mzima kwa rangi za namna hiyo juu ya mbao laini za dari, na nusu ya mabango ya mji huu yamepakwa kwayo. Inakauka siku hiyohiyo, inang'aa, haichanganyiki na jirani yake. Ninayoitaka mimi ni ya kwenye tyubu, iliyosagwa kwa mafuta ya mbegu za kitani, na tabia yake ni kinyume: inabaki mbichi siku kadhaa, na ubichi huo ndio faida yake.

Fundi alikuwa na miaka thelathini na kidogo. Alianza na mabango ya saluni za kinyozi, vile vichwa vya upande vyenye mtindo wa nywele uliokatwa kama kwa rula. Kisha akahamia picha za watalii: Wamasai wamepanga mstari jua likizama, tembo chini ya Kilimanjaro, kazi ya kisu zaidi kuliko brashi. Siku nzuri anamaliza tano. Mkono wake ni mwepesi kuliko wangu, na nasema hivyo bila unyenyekevu wa uongo.

Kilichomleta ni oda. Familia moja ilitaka picha ya bibi yao aliyefariki, itundikwe siku ya ibada ya kumbukumbu ya mwaka mmoja, mwisho wa Agosti. Bei ilikuwa shilingi 400,000, na 150,000 alikwishapokea, tena alikwishazitumia. Alikuja mwanzoni mwa Juni. "Nimechora watu elfu," aliniambia, "lakini sijawahi kuchora mtu ambaye wenyewe watasema siye."

Kwa nini picha ile

Nilimpa picha ya Federico da Montefeltro, mtawala wa Urbino huko Italia, iliyochorwa na Piero della Francesca kati ya 1473 na 1475 hivi. Iko kwenye jumba la Uffizi, Florence, pamoja na ya mkewe, Battista Sforza, aliyefariki 1472. Ni vibao viwili vidogo vya mbao, kila kimoja sentimita 47 kwa 33, mume na mke wakitazamana.

Sababu zangu zilikuwa tatu, na moja kati ya hizo baadaye ilinigeuka.

Ya kwanza, uso wa upande haumruhusu mchoraji kubabaisha. Ukikosea pua ya mbele unaweza kujificha kwenye kivuli, lakini ya upande ikizidi milimita mbili, ni mtu mwingine. Na ya Federico ndiyo shule yenyewe: imekatika juu, karibu na jicho, kama ngazi. Alipoteza jicho la kulia katika mashindano ya mikuki juu ya farasi, na pua iliumia pia, ndiyo maana picha inaonyesha upande wa kushoto tu. Piero hakumpamba. Masunzua ya shavuni yapo yote.

Ya pili, watu wa enzi hiyo walipenda uso wa upande kwa kuiga sarafu na medali za Roma ya kale, na jambo hilo fundi alilielewa papo hapo. Baba yake mdogo ana shilingi ya 1966 yenye kichwa cha Nyerere, aliitunza tangu zamani. Alikuja nayo kesho yake, akaiweka kando ya nakala, akawa anapima paji kwa paji.

Ya tatu, nilidhani picha ile ingempa kila anachohitaji kwa ajili ya bibi: mchoro, mpangilio wa kazi na rangi ya ngozi. Hiyo ndiyo iliyonigeuka.

Mtiririko wa kazi

Tulichapisha picha kwenye karatasi ya A3 pale steshenari. Ukubwa halisi hauingii kwenye A3, kwa hiyo ilishuka hadi sentimita 42 kwa 29.5, na tukakata hadibodi ya kipimo hichohicho ili ajifunze kulinganisha jicho kwa jicho bila hesabu. Mashine iliongeza wekundu. Federico alitoka kama aliyeshinda juani Mto wa Mbu. Nikamwambia achapishe nakala ya pili isiyo na rangi, nyeusi na nyeupe tu. Nakala hiyo ya shilingi mia chache ilitufundisha kuliko ile ya rangi.

Hadibodi tuliipaka rangi ya maji nyeupe mara mbili, tukaisugua kwa msasa. Kisha miraba ya sentimita tatu, nguzo kumi na safu kumi na nne, kwenye nakala na kwenye ubao. Mchoro ulimchukua siku moja na nusu na sikuwa na la kumrekebisha ila sikio, ambalo alilishusha. Vinyozi wamemfundisha vizuri.

Ubao wa kwanza ndio uliotuonyesha tatizo. Alipaka uso kwanza, wote, kuanzia paji hadi shingo. Akauacha ukauke. Akaja kwenye kofia na vazi, nyekundu tupu. Mwisho akaja kwenye anga. Brashi ya anga ikawa inaogopa kugusa uso, kwa hiyo kati ya anga na pua kukabaki uzi mweupe wa ubao. Ili kuuziba akafanya alichokifanya miaka yote: akachukua brashi nyembamba, akapitisha mstari wa kahawia kutoka ukingo wa kofia hadi kidevuni.

Mstari ule ulikuwa mzuri, haukutetereka hata mahali pamoja. Lakini Federico akawa amekatwa kwa mkasi na kubandikwa juu ya mbingu.

Mke wangu aliingia na chai, akauangalia. "Huyu mzee ni wa saluni gani?"

Tulicheka, fundi naye akacheka, ila siku mbili hakuja.

Aliporudi nilimwekea ile nakala isiyo na rangi na kumwomba anionyeshe mstari wa Piero ulipo. Alitafuta. Akasogeza dirishani, akatafuta tena. Haupo. Ukingo wa pua ni mkali kama wembe, lakini hakuna aliyeuchora. Kuna ngozi iliyo nyeusi kidogo, na anga iliyo nyeupe zaidi nyuma yake, na pale zinapokutana jicho lenyewe linaona pua. Alikaa kimya muda mrefu. "Kwa hiyo mstari ni mpaka," akasema, "sio kamba." Sijapata maneno bora kuliko hayo na sasa nawaambia wanafunzi wengine kama yangu.

Ubao wa pili tulianza Julai, kwa mpangilio wa kinyume. Anga kwanza, nyeupe na buluu, ikififia kuelekea chini kwenye maji na vile vyombo vidogo vinavyoelea mbali, na ikapitilizwa nusu sentimita ndani ya mchoro wa uso. Baada ya siku mbili, anga ikiwa imeshika lakini haijawa kavu kabisa, uso ukaja juu yake. Hakukubaki uzi mweupe wa kuziba, kwa hiyo brashi nyembamba haikuwa na kazi. Uso wenyewe alianza na kahawia na nyeupe tu, akitafuta kiza na mwanga kwa kufuata nakala isiyo na rangi, kisha njano ya udongo na nyekundu kidogo juu yake.

Hapo tukakutana na baridi. Rangi hii haikauki kama maji yanavyokauka. Mafuta yake hushika oksijeni ya hewani na kugeuka ganda, na Julai ya Arusha, asubuhi za ukungu na chumba kisicho na jua, kazi hiyo inajikokota. Tena kila rangi ina mwendo wake. Kahawia ya amba, ile ya udongo, ina madini ya manganizi ndani yake, inakauka haraka; wekundu tulioutumia kwenye kofia ulinata siku kumi na moja. Mtaa wetu una barabara ya vumbi, na kila bodaboda aliyepita aliacha sehemu yake kwenye kofia ya Federico. Tukaishia kuufunika ubao kwa boksi la mche wa sabuni, ukiegemea ukuta na uso wake ukitazama chini. (Matambara yenye mafuta ya kitani tuliyatandaza nje kwenye kamba, na wewe fanya hivyo: yakirundikwa pamoja yanaweza kupata joto na kuwaka yenyewe.)

Mwishoni mwa Julai nakala ilikuwa imekwisha. Nasema bila kusita kwamba ilikuwa nzuri.

Kazi ya bibi

Familia ilikuwa na picha mbili tu. Moja ya pasipoti saizi, uso wa mbele, imepigwa kwa flashi hadi pua haionekani. Nyingine ya harusi: bibi amesimama upande, amefunga kitenge kichwani, anaangalia kitu nje ya picha, mwanga wa dirisha unampiga usoni. Fundi aliitaka ya harusi. Alikuwa ametoka kwenye miezi miwili ya uso wa upande, na mkono ulikuwa moto.

Nilimwambia aiulize familia kwanza. Binti mkubwa wa marehemu alikataa kwa adabu. "Mwanangu, picha ya sebuleni mtu anakutazama. Mama akigeukia ukutani wageni watasema ametukasirikia." Fundi akajibu vizuri kuliko nilivyotarajia: kwamba ile ya pasipoti haina pua wala shavu, na kwamba akiichora atalazimika kubuni, na akibuni hatakuwa mama yao. Mama yule akafikiri, akasema sawa, lakini na ile ya mbele wataitaka siku moja.

Alitumia mpangilio uleule: nyuma kwanza, kisha uso. Ukingo wa paji na kitenge ulitoka safi, hakuna mstari. Kisha akaingia kwenye ngozi kwa fomula ya Federico: nyeupe, njano ya udongo, nyekundu, amba, ila amba ikiwa nyingi zaidi na nyeusi kidogo. Penye mwanga akaongeza nyeupe.

Nilikuwepo, na nilikubaliana naye. Jioni ya tatu binti mkubwa alipita kuona. Alisimama mlangoni.

"Ni yeye," alisema. Kisha akasogea. "Lakini mbona mmempausha hivi? Mama hakuwahi kupauka. Kila asubuhi lazima ajipake mafuta ndipo atoke."

Ilikuwa kweli. Bibi alikuwa na rangi ya majivu, kama mtu aliyevuka Monduli kwa miguu wakati wa kiangazi.

Maamuzi

Zilibaki siku kumi na sita. Tungeweza kupitisha tabaka jembamba la kahawia juu ya uso mzima na kuupa joto kidogo. Ni njia ya mkato na inafanya kazi kwa mbali. Fundi alitaka hiyo. Mimi nilitaka tukwangue. Alikubali si kwa hoja zangu bali kwa sababu binti mkubwa alisema atarudi Jumamosi.

Tukakwangua shavu, paji na shingo kwa kisu, tukaacha jicho, mdomo na ukingo wote.

Kisha tukaacha ubao, na kwa siku tatu fundi alichora mkono wake mwenyewe. Aliuweka dirishani, akaupaka mafuta ya nazi, na akawa anachanganya rangi na kuzilinganisha na ngozi, tone kwa tone. Aligundua mwenyewe nilichopaswa kumwambia mwezi Juni. Kwenye ngozi nyeusi iliyopakwa mafuta, mng'ao wa penye mwanga mkali hauna rangi ya ngozi iliyotiwa nyeupe. Una rangi ya dirisha, buluu iliyofifia, kipande kidogo chenye kingo wazi. Pembeni yake tu ngozi inarudi kuwa na joto, nyekundu na chungwa. Na kiza chake si nyeusi ya tyubu, ambayo inaua kila kitu. Buluu ya ultramarini pamoja na amba inatoa weusi ulio hai. Nyeupe ilitumika kwa uchache, mithili ya chumvi.

Uamuzi mwingine ulihusu dirisha, na hapa kosa ni langu peke yangu. Vitabu vya uchoraji vinasifu dirisha la kaskazini kwa sababu mwanga wake hautikisiki. Niliviamini, nikapanga chumba hivyo. Lakini vimeandikwa kwa ajili ya Ulaya. Arusha iko kama nyuzi tatu na nusu kusini ya ikweta; kuanzia katikati ya Machi hadi mwisho wa Septemba hivi jua la mchana linapita kaskazini yetu. Miezi hiyo ndiyo dirisha la kaskazini linapigwa na jua, na Desemba ni zamu ya kusini. Tangu Juni fundi alikuwa anachanganya rangi asubuhi ya ukungu na kuzipaka saa saba juani, kisha anashangaa kwa nini hazifanani. Tulihamishia stendi dirisha la kusini Agosti. Ningekuwa nimetazama nje mapema zaidi ningeokoa wiki.

Matokeo

Picha ilifika jioni ya kuamkia ibada, shavu likiwa bado linanata. Fundi alitaka kuipiga vanishi ya mbao ing'ae. Nilimkatalia, nikawaambia wenyewe wairudishe baada ya miezi sita, rangi ikiwa imeshikamana, ndipo ipakwe vanishi inayofaa. Fedha iliyobaki, 250,000, ililipwa kwa mafungu mawili.

Familia iliipenda, lakini sebuleni haikukaa. Siku ya ibada iliwekwa mbele karibu na maua, na baadaye ikatundikwa kwenye korido, mahali ambapo bibi anaangalia mlango wa jikoni. Fundi aliliona hilo kama kushindwa. Mimi nina shaka. Wajukuu, kwa maneno ya mama yao, wanapita pale wakisema "Shikamoo bibi", jambo ambalo picha ya Federico haijawahi kufanyiwa.

Uchambuzi

Kunakili kulimfaa fundi kwa sababu alinakili mara mbili. Ubao wa kwanza pekee ungempa nakala mbaya na aibu. Wa pili pekee ungempa nakala nzuri bila kujua kwa nini. Katikati yake kulikuwa na swali moja lililo wazi: mstari wa Piero uko wapi? Waalimu wengi tunampa mwanafunzi picha ya kale na kumwambia "fananisha", kana kwamba kufanana ni somo. Kufanana alikuwa nako tayari. Angeweza kufananisha miraba 140 na asijifunze chochote.

Watu huona tatizo la mstari wa kahawia kama tabia mbaya ya wachora mabango, na wanajaribu kuliondoa kwa kukemea. Nilifanya hivyo na wengine kabla yake, haikusaidia. Kwa fundi mstari ulikuwa dawa ya ufa ulioletwa na mpangilio wa kazi: uso kwanza, anga baadaye. Mpangilio ulipogeuka ufa haukutokea, na dawa ikakosa mgonjwa. Sikumkataza mstari hata siku moja.

Mahali nilipofeli ni ngozi. Nilichagua picha kwa ajili ya mchoro na ukingo, ambako ilikuwa sahihi, kisha nikaiachia ifundishe na rangi ya mwili, ambako haikuwa na la kumwambia mtu anayekwenda kumchora bibi wa Arusha. Fomula ya Federico haina kasoro kwa Federico. Hata mkewe, kwenye kibao cha pili, haikumhusu: Piero alimpaka weupe uliopauka kabisa, bila kuazima ngozi ya mume. Ningelitazama hilo kwa makini ningejua kwamba Piero mwenyewe hakuwa na fomula moja.

Nikirudia leo, mkono uliopakwa mafuta ya nazi ungekuja wiki ya pili, kabla ya kofia nyekundu. Na kabla ya picha yoyote ningeuliza itatundikwa wapi, kwa sababu swali la bibi kumtazama mgeni halikuwa la ufundi na hakuna ubao wa mazoezi ungelijibu.

Ile ya mbele fundi ameianza. Ameshaweka nyuma, paji na macho, kutoka kwenye pasipoti saizi na kumbukumbu za binti mkubwa, anayekuja kila Jumamosi kukaa pembeni na kusema "hapana, palikuwa pamejaa zaidi". Mdomo wameukwangua mara tatu.